Grace Hopper na kaye za kukopia

Yeyote aliyesoma shule huku kwetu anajua kazi ya kukopia kaye ya mwenzako. Ulikosa siku tatu juu ya malaria, ama walikurudisha nyumbani juu ya minervali. Ukirudi unaomba kaye, unakaa chini, unaandika. Na unajua vile inakuwaga. Yeye aliandika 7, wewe unaona 1. Yeye aliruka mstari, na wewe unaruka pamoja naye. Siku ya mtihani njo unavumbua kwamba ulijifunza makosa ya mtu mwingine.

Grace Hopper, mama tunayesimulia maisha yake leo, alikuta shida ileile ndani ya jeshi la majini la Marekani wakati wa vita ya pili ya dunia. Tofauti ni kwamba kaye zao zilikuwa na programu za mashine ya kuhesabu, na hesabu zenyewe zilikuwa za mizinga, za meli, na hata za bomu la atomiki. Sehemu kubwa ya maisha yake ilipita katika kutafuta namna mbili: namna ya kuandika kipande cha programu mara moja tu, na namna ya kukipima ili mtu mwingine akichukue bila woga.

Alizaliwa New York tarehe 9 Desemba 1906, mtoto wa kwanza kati ya watatu. Jina la kwao lilikuwa Murray. Alipokuwa na miaka 7 alifungua saa ya kengele ili aone vile inatembea. Akashindwa kuirudisha. Akafungua ya pili aone vile ilikuwa imepangwa, kisha ya tatu, mpaka saa zote 7 za nyumba ya likizo zikawa vipande vipande. Mamake hakumpiga, alimwachia saa moja tu ya kuchezea. Mama huyo naye alipenda sana hesabu, ila wakati wake msichana hakufunguliwa mlango wa kuzisoma vizuri. Baba alikuwa mtu wa bima. Alikatwa miguu yote miwili juu ya ugonjwa wa mishipa, na alitaka mabinti zake wasome sawa na kaka yao, wajue kujisimamia siku moja.

Masomo hayakuteremka tu. Mara ya kwanza alipojaribu kuingia chuo cha Vassar alianguka mtihani wa Kilatini, akangoja mwaka mzima. Alimaliza Vassar mwaka wa 1928 katika hesabu na fizikia, akaenda Yale, akapata udaktari wa hesabu mwaka wa 1934. Wanawake wenye cheti hicho walikuwa wachache sana. Kufikia hapo alikuwa amekwisha kuolewa na Vincent Hopper, mwalimu wa maandiko na fasihi, na alikuwa anafundisha Vassar. Ndoa haikudumu, waliachana mwaka wa 1945, hawakuzaa, lakini jina la Hopper alibaki nalo mpaka kaburini.

Vita ilipoingia Marekani mwisho wa 1941, alitaka kuingia jeshi la majini. Jeshi likamkataa: umri mkubwa, na mwili mdogo. Alikuwa na kilo 48 hivi, karibu kilo 7 chini ya zile zilizotakiwa. Alisumbua wakubwa mpaka wakampa ruhusa ya pekee, akaandikishwa Desemba 1943, akiwa anagonga miaka 37. Katika shule ya maofisa aliketi na wasichana ambao jana tu wangeweza kuwa wanafunzi wake. Alitoka wa kwanza.

Tarehe 2 Julai 1944 alifika Harvard, ndani ya chumba ambamo kulikuwa mashine inayoitwa Mark I. Tusiwaze ordinateri ya siku hizi. Hii ilikuwa na urefu wa zaidi ya metre 15, kimo cha metre 2 na nusu hivi, uzito wa tani karibu 5. Ndani yake kulikuwa magurudumu, mihimili inayozunguka, na waya za kilometa mia nyingi. Ilikuwa inafanya hesabu 3 za kujumlisha kwa sekunde moja. Maagizo yake yaliandikwa kwa matundu kwenye ukanda wa karatasi, tundu hapa, tundu pale, na mashine inasoma mstari kwa mstari. Mkubwa wa kazi, kamanda Howard Aiken, hakumpa hata siku ya kupumua. Alimwonyesha mashine na kumwagiza hesabu ya kwanza, ambayo alitaka matokeo yake siku ya ine ya juma lililofuata. Mama Hopper hakuwa amewahi kuona ordinateri maisha yake yote. Kweli, hata watu wengine wote duniani karibu hakuna aliyekuwa ameiona.

Hapo njo kaye zinaingia. Yeye na vijana wawili waliokuwa wanaandika programu, Richard Bloch na Robert Campbell, waliona haraka kwamba kazi zinafanana. Hesabu ya mzinga inadai kipimo cha pembe. Hesabu ya meli nayo inadai kilekile. Kwa nini kukianza upya kila mara? Kila mmoja akawa na kaye ya vipande vilivyokwisha kutembea vizuri. Bloch akihitaji kimoja cha Hopper, anaomba kaye, anakopia. Hicho njo chanzo cha kile ambacho wanafunzi wa informatike leo wanaita moduli: kipande kilichopimwa, chenye kazi moja, kinachoweza kuingia katika kazi nyingi.

Lakini shida ilikuwa mkono wa binadamu. Herufi B inafanana na 13 kama mtu ameandika haraka. Alama ya kihesabu ya pembe tatu inakuwa 4. Tena kila kipande kilikuwa kimeandikwa kwa sehemu yake. Ukikihamisha unatakiwa kuongeza namba kwa kila anwani iliyo ndani yake, na hao mabingwa wa hesabu za juu walikuwa wanakosea kujumlisha kama mtoto wa darasa la pili. Mashine haikuchagua. Ilikuwa inafanya kosa kwa uaminifu uleule iliofanya nao ukweli.

Walijikinga namna gani? Waliweka hesabu ya pili ndani ya programu ileile, ya kukagua ya kwanza. Ukigawanya, unazidisha tena ili uone kama unarudi mahali ulitoka. Tofauti ikipita kiasi kilichowekwa, mashine inajisimamisha yenyewe. Mashine ilifanya kazi mchana na usiku, na watu nao walipokezana hivyohivyo. Ikisimama usiku, lazima ujue kama kosa ni la programu ama la chuma. Wanasimulia kwamba mama huyu alikuwa anazima taa, anatoa kioo kidogo cha mkoba wake, anakipitisha katikati ya waya atafute mahali panatoa cheche.

Sasa sisi watu wa Congo tusimame hapa kidogo. Agosti 1944, mtu wa hesabu aliyejulikana sana, John von Neumann, alifika Harvard na kazi yake ya haraka. Ilikuwa hesabu ya mlipuko unaobana kuelekea ndani. Waliokuwa kwenye mashine hawakuambiwa ni ya nini. Walitengeneza ukanda, wakaupima, wakatoa namba, wakamkabidhi. Ilikuwa hesabu ya bomu la plutonium, aina ile iliyoanguka Nagasaki tarehe 9 Agosti 1945. Plutonium inatengenezwa kutoka uranium, na sehemu kubwa ya uranium ya Wamarekani wakati huo ilichimbwa Shinkolobwe, Katanga, na mikono ya wafanyakazi wetu ambao nao hawakuambiwa kitu. Namba zilitoka upande mmoja, mawe upande mwingine, na pande zote mbili watu waliinamisha vichwa wakafanya kazi. Haina maana kwamba wako sawa: mmoja alikuwa ofisa mwenye mshahara na jina, mwingine alikuwa mtu wa koloni. Lakini ni vizuri kujua kwamba programu za kwanza za ulimwengu zina vumbi la kwetu.

Vita ikaisha, yeye akabaki Harvard kama mtafiti. Aliandika kitabu cha maelezo ya Mark I, zaidi ya kurasa 500, kilichotoka 1946. Njo wakati wa mashine ya pili, Mark II, ambamo siku moja ya Septemba 1947 walikuta kipepeo wa usiku amekwama katika swichi. Wakamtoa, wakamgandisha kwenye daftari la kazi na utepe, wakaandika pembeni. Wengi wanasema neno la Kiingereza la mdudu kwa kosa la programu lilizaliwa siku hiyo. Hapana. Mafundi walikuwa wanalitumia tangu kitambo, wakati wa Edison hivi. Ndiyo maana wale wa Harvard walicheka. Na hakuna hakika kwamba ni yeye aliyemvuta mdudu. Ila alikipenda kisa na alikisimulia kila mahali mpaka watu wakampa.

Kuna kipande cha maisha yake ambacho vitabu vingi vya watoto vinaruka. Mwaka 1949 Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke kama yeye, na mkataba uliisha. Ndoa ilikwisha kufa. Miaka ya kazi ya usiku ilikuwa imemzoesha pombe. Alihamia Philadelphia, katika kampuni changa ya Eckert na Mauchly, na Novemba mwaka huohuo polisi wakamkamata barabarani akiwa mlevi. Rafiki zake waliogopa kwamba atajiua. Mmoja wao, Edmund Berkeley, alimwandikia barua ya ukali wa kirafiki na kuwahusisha wengine. Aliinuka, pole pole. Tunalisema hili si kwa kumchafua. Kazi kubwa aliyofanya, aliifanya baada ya kuanguka hapo, si mbele.

Huko Philadelphia mashine zilikuwa za umeme kabisa na mbio zaidi. Moja yao ilimlazimisha kuhesabu kwa namba nane badala ya kumi. Alizoea mpaka siku moja kitabu chake cha benki kikakataa kulingana. Kakake, ambaye alikuwa mtu wa benki, alikaa jioni nyingi na karatasi zile ndipo akavumbua: dada yake alikuwa anatoa pesa kwa hesabu za mashine. Mama Hopper alikisimulia yeye mwenyewe kisa hicho. Alikitumia kuonyesha kwamba mashine njo inafaa kujifunza lugha ya mtu. Mtu asilazimishwe kuwa mashine.

Kati ya mwisho wa 1951 na katikati ya 1952 akatengeneza programu aliyoiita A-0. Wazo lake ni jepesi kulisema. Vile vipande vya kwenye kaye, viweke vyote kwenye ukanda wa sumaku, kila kimoja na namba yake. Mwandishi wa programu anaandika tu namba za vipande anavyotaka, kwa mpangilio. Mashine yenyewe inaenda kutafuta kipande, inakikopia, inarekebisha anwani zote, inaunganisha, na mwisho inatoa programu nzima iliyo tayari. Aliiita kompaila, yaani mkusanyaji. Mashine haikopi 7 ikafanya 1. Kipande kilichopimwa jana kinaingia leo kama kilivyokuwa jana.

Kulikuwa fundo moja. UNIVAC, mashine waliyokuwa nayo, ilikuwa na nafasi ya maneno 1,000 tu ya kumbukumbu, na kompaila ilitakiwa kupita mara moja, kuanzia mbele kwenda nyuma. Sasa kipande kikisema ruka uende kwenye kipande ambacho bado hakijafika, anwani yake utaitoa wapi? Jibu lilitoka katika mchezo wa basketi aliocheza chuoni. Ukiwa na mpira na hauwezi kufika mwenyewe, unamrushia mwenzako aliyesimama pembeni, halafu unakimbia mbele, yeye anakurudishia. Akaweka pembe ndogo ndani ya kumbukumbu: kipande kinarukia pale kwanza, kinaacha alama, kile kinachongojwa kikifika, pale panapata anwani ya kweli. Ikatembea.

Watu hawakuamini. Kwa wengi, ordinateri ilikuwa ya kujumlisha na kuzidisha. Kusema kwamba inaandika programu ilisikika kama uchawi. Tuseme ukweli pia kwamba hakuwa peke yake. Uingereza, katika chuo cha Cambridge, Maurice Wilkes na kijana David Wheeler walikuwa tayari na maktaba ya vipande vilivyopimwa, na Betty Holberton, mwanamke mwenzake pale Philadelphia, alikuwa ametengeneza programu iliyoandika programu ya kupanga orodha; Mama Hopper alikiri kila mara kwamba hiyo ilimfungua macho. Lakini yeye alisukuma wazo likatoka maabara. A-2, iliyofuata, iligawiwa kwa wateja mwaka 1953 pamoja na maandishi yake ya ndani, wakaombwa warudishe marekebisho. Mtu wa Bukavu anayepakua leo programu ya bure na kuirekebisha anatembea katika njia hiyo.

Kisha akaenda mbali zaidi. Alitaka mtu wa biro, mhasibu, mtu wa stoo, aandike kwa maneno ya kawaida. Wakubwa wa kampuni wakakataa, wakasema ordinateri haielewi Kiingereza. Akatengeneza mfano mdogo unaotembea, akawaonyesha. Na kwa sababu kwa mashine neno ni alama tu, akawaonyesha programu hiyohiyo kwa Kifaransa, na kwa Kijerumani. Hapo njo alikosea, si kwa hesabu, kwa siasa. Wakubwa walishtuka: mashine ya Marekani, iliyotengenezwa Philadelphia, inawezaje kusikia Kifaransa! Ilimchukua miezi mingi kuwatuliza, na alilazimika kuahidi Kiingereza peke yake. Sisi tunaosoma kwa Kifaransa, kuuza sokoni kwa Kiswahili na kubonyeza vifungo vya Kiingereza, tunaweza kujiuliza mambo yangekuwaje kama siku ile wangecheka tu na kuendelea.

Lugha hiyo ya kazi ikaitwa FLOW-MATIC. Mei 1959, wajumbe wa serikali, jeshi na makampuni walikutana Pentagon kutafuta lugha moja ya kazi za biro kwa mashine zote. Matunda yake ni COBOL. Wanamwita mama wa COBOL, ila walioiandika ni kamati, na Jean Sammet na wenzake walifanya kazi kubwa. Yeye alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake njo msingi. Desemba 1960 likaja jaribio ambalo kila mtu aliogopa: programu ileile ya COBOL kwenye mashine za makampuni mawili yanayoshindana, RCA na Remington Rand. Ilitembea kwa zote mbili, na marekebisho madogo tu.

Madogo leo, makubwa kesho. Kila kampuni ilianza kuongeza mambo yake katika COBOL, na kufikia 1966 jeshi la majini lilikuwa na programu ambazo hazikuweza kuhama kutoka mashine moja kwenda nyingine. Mwisho wa mwaka huo lilikuwa limempumzisha juu ya umri. Miezi saba haikupita vizuri, Agosti 1967 likamwita tena, kwa miezi sita. Alikaa miaka 19.

Kazi hii ya mwisho haisimuliwi sana, na kwangu njo inayostahili heshima zaidi. Yeye na vijana wake waliandika mfululizo wa programu ndogo za kupima. Kila moja ilichukua kipande kimoja cha lugha na kukijaribu: je, ukiagiza kujumlisha, inajumlisha vile sheria ya lugha inasema? Ukiagiza kusoma faili, inasoma hivyo? Kampuni inayotaka kuuza kompaila yake kwa jeshi, ilete, zile programu zinapitishwa juu yake, inapoanguka panaandikwa. Neno la muuzaji halikutosha tena. Makampuni yalinung'unika, kisha yakarekebisha, maana mnunuzi alikuwa mkubwa mno wa kumkasirisha. Baadaye serikali ya Marekani ikaichukua desturi hiyo kwa idara zake zingine.

Cheo kilipanda katika uzee: kapteni mwaka 1973, komodori 1983, amirali 1985. Wakati huo alikuwa anazunguka nchi nzima na vipande vya waya vya sentimeta 30 hivi ndani ya mkoba, anagawia wanafunzi na majenerali. Urefu huo njo umeme hauwezi kuupita katika sehemu moja ya sekunde iliyogawanywa mara bilioni moja. Alitaka waushike mkononi, ili waelewe kwa nini mashine yenye mbio inatakiwa kuwa ndogo. Ukutani kwa biro yake kulikuwa saa inayozunguka kinyume, kwa ajili ya yeyote anayesema tumezoea kufanya hivi.

Jeshi lilimwaga tarehe 14 Agosti 1986, juu ya meli ya zamani Constitution, bandarini Boston. Alikuwa na miaka 79, ofisa mzee kuliko wote waliokuwa bado kazini. Hata hivyo hakukaa nyumbani. Kampuni ya Digital ikamchukua kama mshauri. Alikufa usingizini tarehe 1 Januari 1992, Arlington, na kuzikwa pale kwa heshima za kijeshi. Lile daftari lenye kipepeo liko katika makumbusho ya Smithsonian. Mdudu angali ameganda kwenye ukurasa wake.